Kuku Wakidonoana, Usikimbilie Kukata Midomo

Unafungua banda alfajiri, unamkuta mtetea mmoja amejibanza kwenye kona, uso ameuelekeza ukutani. Mgongo umebaki ngozi tupu, karibu na mkia damu bado mbichi, na wenzake wanamsogelea kila akijitikisa. Jirani atakwambia ukawakate midomo wote. Nakuomba ungoje kwanza. Nafuga uani kama wewe, na katika mabanda mengi ya uani niliyoitwa kuangalia, sababu niliikuta kwenye mfuko wa chakula au kwenye ukubwa wa banda. Ukikata midomo na kuviacha hivyo viwili kama vilivyo, kuku wataendelea kudonoana kwa midomo mifupi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku 10 hadi 100 nyumbani, wa mayai au chotara kama Sasso na Kuroiler, wanaofungiwa muda mwingi wa siku.

DAMU IKISHAONEKANA: FANYA HAYA LEO

1. Mtoe aliyejeruhiwa sasa hivi, usisubiri jioni. Rangi nyekundu huwavuta kuku, na wakishaonja damu wanaweza kumla mwenzao hadi utumbo kwa saa chache.
2. Safisha jeraha kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Maduka ya dawa za mifugo yana dawa ya kupulizia yenye rangi ya buluu au zambarau, ambayo husaidia jeraha na kuficha wekundu. Muulize muuzaji ni siku ngapi mayai ya kuku huyo yasiliwe.
3. Mweke kwenye tenga au kizimba cha wavu mahali anapowaona wenzake bila kufikiwa. Ukimpeleka mbali kwa wiki nzima, siku ya kurudi watampokea kama mgeni.
4. Kaa dakika 15 ukiangalia nani anaanza. Mara nyingi ni mmoja au wawili tu. Watenge hao pia kwa siku chache.
5. Tundika magunia upande unaoingiza jua kali, lakini acha hewa ipite.
6. Watupie majani mabichi wapate cha kufanya wakati unatafuta chanzo.

Kwa nini wanadonoana

Babu wa kuku wetu ni kuku mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Huyo hutumia zaidi ya nusu ya mchana wake akichakura na kudonoa ardhi. Kuku wako amerithi mdomo uleule na hamu ileile. Kuku wa kienyeji anayezurura humaliza hamu hiyo jalalani, chini ya mwembe na kwenye mabua ya shambani. Ndiyo maana bibi zetu walifuga miaka mingi na kudonoana kwa namna hii hawakukujua sana. Mfungie chotara kwenye sakafu tupu, mpe chakula anachokimaliza upesi, kisha asiwe na la kufanya hadi jioni. Kudonoa hakutakwisha. Kutahamia kwenye manyoya ya mwenzake.

Manyoya yenyewe karibu yote ni protini. Kuku anayepungukiwa protini au chumvi hunyofoa unyoya akaumeza, na palipong'olewa unyoya hutoka damu. Halafu kuku huigana sana. Tabia ya mmoja leo inaweza kuwa ya kumi wiki ijayo, na ikishakomaa utaweza kuipunguza tu, kuifuta ni shida. Kwa hiyo usisubiri damu. Manyoya yaliyokatika katika juu ya mkia ni dalili tosha ya kuanza kazi.

Soma jeraha kabla ya kutibu

*Mgongoni na juu ya mkia.* Huku ni kunyonyoana manyoya. Shuku chakula, msongamano, au sakafu isiyo na cha kuchakura.

*Kuzunguka tundu la kutagia.* Hili ndilo linaloua haraka kuliko yote, na hutokea zaidi wiki za mwanzo wa kutaga. Mtetea anapotoa yai, nyama ya ndani hutokeza nje kidogo kwa muda mfupi, nyekundu na yenye unyevu, kisha hurudi. Akitagia gizani ndani ya kiota, hakuna anayeiona. Akitagia sakafuni kwenye mwanga, mwenzake wa nyuma anaona kitu chekundu na kukidonoa. Shuku viota vichache, viota vyenye mwanga, au matembe walioanzishwa kutaga wakiwa wadogo mno au wanene mno.

*Vidoleni, hasa vifaranga.* Shuku njaa, vyombo vilivyo mbali, joto kali, au taa nyeupe kali inayowaka mchana na usiku.

*Kichwani na kwenye upanga.* Huko ni kupigania ukubwa, na mara nyingi kuna wageni walioingizwa karibuni au majogoo wengi.

Na si kila mgongo mtupu ni kazi ya wenzake. Jogoo anayepanda mitetea wachache huwanyonyoa mgongo na kisogo. Jogoo 1 kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha. Kuku anayebadilisha manyoya hupukutika bila jeraha. Utitiri nao humfanya ajinyofoe mwenyewe: fungua manyoya karibu na mkia uangalie, na usiku pitisha tochi kwenye nyufa za fito, kwa sababu aina mojawapo hujificha humo mchana na kunyonya damu usiku.

Chakula: mfuko unaopanuliwa nyumbani

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni la mtu mwenye nia njema kabisa. Bei ya chakula imepanda, kwa hiyo ananunua mfuko mmoja wa chakula cha kuku wa mayai na kuuchanganya na mfuko mmoja wa pumba za mahindi ili "ufike mwisho wa mwezi". Tufanye hesabu. Chakula cha dukani kina protini kama asilimia 16, pumba kama 10. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata 13. Chumvi, ambayo kiwandani waliipima, imebaki karibu nusu. Chokaa ya kutengeneza ganda imebaki karibu nusu. Vitamini hivyo hivyo. Kuku anakula hadi gunia la koo linajaa, lakini mwili bado unadai. Anachokidai kipo mgongoni mwa mwenzake: protini na chumvi.

Kama fedha haitoshi, punguza kuku, usipunguze chakula. Mitetea 25 walioshiba vizuri wanaweza kukupa mayai mengi kuliko 40 wanaolishwa pumba.

Viwango vya protini ni hivi. Vifaranga hadi wiki ya 8 wanahitaji asilimia 18 hadi 20, wanaokua 15 hadi 16, wanaotaga 16 hadi 17. Ila usiangalie protini peke yake. Kuna sehemu mbili za protini, methionini na laisini, ambazo mahindi yanazo kidogo sana, na methionini ndiyo mwili huitumia sana kujenga manyoya. Soya ina laisini nyingi lakini methionini kidogo. Mashudu ya alizeti na dagaa huziba pengo hilo. Mwenye kulisha mahindi na soya tu, hata kama hesabu yake ya protini inafika 17, anaweza bado kuona wakinyonyoana.

UKICHANGANYA MWENYEWE: KILO 100 KWA MITETEA WANAOTAGA

- Mahindi yaliyoparazwa: kilo 42
- Pumba za mahindi: kilo 14
- Mashudu ya alizeti: kilo 20
- Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 6
- Dagaa waliosagwa: kilo 8
- Chokaa ya mifugo: kilo 7
- Unga wa mifupa: kilo 2.2
- Mchanganyiko wa vitamini na madini: gramu 500, au kama kifuko kinavyoelekeza
- Chumvi: gramu 300

Mchanganyiko huu hutoa protini karibu asilimia 17 endapo malighafi ni safi. Vitu vya gramu vichanganye kwanza na kilo chache za pumba, ndipo uvimwage kwenye rundo kubwa, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi ya kumi. Tena chokaa hii ni ya wanaotaga tu. Vifaranga na wanaokua ikizidi huwaharibu figo.

Tahadhari tatu kuhusu mchanganyiko huo.

Kwanza, dagaa. Wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa bila chumvi, lakini wengi wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukihama kutoka wa Mwanza kwenda wa baharini, onja. Wakiwa na chumvi, usiongeze gramu 300 zile. Chumvi ikizidi, kuku hunywa maji kupita kiasi, hunya majimaji na wanaweza kufa. Kwa sababu hiyohiyo usitie chumvi kwenye maji kwa kukadiria, hata kama umesikia kwamba hutuliza kudonoana. Dagaa wa kulishia mifugo pia huja na mchanga mwingi. Tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Kinachozama chini mara moja na kung'ata meno si protini.

Pili, soya mbichi. Ina kitu kinachozuia kuku kuyeyusha protini. Ikaange hadi ibadilike rangi kuwa kahawia hafifu na inukie, ndipo uisage.

Tatu, ukungu. Mahindi au mashudu yenye harufu ya uvundo yanaweza kuwa na sumukuvu. Usiyape kuku kwa kuwa tu watu hawayataki.

Ukiwa na shaka na chakula cha dukani, maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), Temeke, Dar es Salaam, hupima vyakula vya mifugo. Wafugaji watano wa mtaa mmoja wakichangia gharama, si mzigo.

Aina ya chakula nayo ina neno. Peleti kuku huzimaliza upesi. Chakula cha unga humchukua muda mrefu kukidonoa. Kama kuku wako wameanza kunyonyoana na unawapa peleti, hamia kwenye unga. Hama taratibu kwa siku 7: robo, nusu, robo tatu, kisha chote. Kubadili ghafla ni chanzo cha fujo kwenyewe.

Mtetea anayetaga hula gramu 110 hadi 130 kwa siku na kunywa angalau robo lita ya maji. Kwenye joto la Desemba hadi Machi huku pwani anaweza kufika nusu lita, wakati chakula anakipunguza. Maji yakiisha saa sita mchana, ugomvi unaanza saa saba. Weka vyombo kivulini na ubadilishe maji mchana.

Nafasi kwenye chombo

Mimina chakula, kisha rudi nyuma uangalie. Wote wanakula kwa pamoja, au kuna watano wamesimama nyuma wakisubiri? Hao watano ndio watakaodonolewa. Wanakula mabaki, wanadumaa, na kuku huwajua wanyonge haraka.

Chombo kirefu kihesabie sentimita 10 kwa kila mtetea. Cha mita 1 kinachofikiwa pande zote mbili kinatosha mitetea 20. Cha duara chenye kipenyo cha sentimita 40 kinatosha 25. Vigawe sehemu mbili au tatu za banda, ili kuku mkali asiweze kuvilinda vyote.

Banda: pima kwa utepe, usikadirie

Kuku wa mayai wanaofungiwa siku nzima wasizidi 4 hadi 5 kwa mita moja ya mraba. Tuchukue banda la mita 3 kwa 4. Ni mita 12 za mraba, yaani mitetea 48 kwa kiwango cha 4. Ukihesabu wako ukakuta 80, jibu umeshalipata, na hakuna chakula kitakachoondoa tatizo hilo. Kwa banda hilo la mitetea 48 unahitaji pia:

- Viota 10, yaani kimoja kwa mitetea 5, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kimo cha 35, vikiwa upande wenye giza na pazia la gunia mbele. Viweke wiki mbili kabla ya kutaga kuanza, wavizoee.
- Fito za kulalia zenye jumla ya mita 9, kwa mfano 3 za mita 3, ili kila mmoja apate sentimita 18 hadi 20.

Kuhusu fito, angalia kimo chake. Ikiwa futi 1 au moja na nusu kutoka chini, tundu la aliyelala juu linakuwa usawa wa macho ya aliye sakafuni, na unampa nafasi ya kudonoa. Pandisha fito hadi futi 2 na nusu, weka nyingine fupi ya kukanyagia kwa kuku wazito.

Jenga ubavu mrefu wa banda ukitazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na jioni ligonge kuta fupi. Ukuta wa chini uwe mfupi, juu wavu. Ukiingia asubuhi macho yakakuwasha, hewa imechafuka kwa harufu kali ya kinyesi kilicholowa kwenye matandazo, na kuku wanaumia zaidi yako kwa kuwa wako karibu na chini.

Taa ya usiku iwe hafifu, inayotosha tu kuona chakula. Kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12. Wanaotaga unaweza kuwafikisha saa 14 hadi 16 kwa kuongeza nusu saa kila wiki, na usianze kabla miili haijakomaa. Vifaranga wape joto la jiko lililofunikwa vizuri au taa nyekundu. Moshi wa mkaa usikae ndani.

Upe mdomo kazi nyingine

Hapa ndipo wengi hupuuza, na gharama yake ni ndogo kuliko yote.

Tandaza maranda au maganda ya mpunga kimo cha sentimita 10, uyageuze kila baada ya siku mbili, na uondoe yaliyolowa chini ya vyombo vya maji. Saa kumi jioni tawanya humo konzi moja ya mtama au mahindi yaliyoparazwa kwa kila kuku watano. Watachakura hadi giza. Usizidishe, kwa sababu nafaka tupu ikizidi inarudisha tatizo lile la pumba.

Tundika fungu la mchicha, matembele au majani ya mlonge usawa wa vichwa vyao wayanyofoe. Nyuzi za majani pia huwashibisha na kuwatuliza. Usitundike kwa nyuzi za viroba, maana wanazimeza na koo linaziba. Kisamvu kibichi kina sumu, na maganda na majani ya parachichi vilevile, usiwape.

Weka sanduku la mchanga laini uliochanganywa na majivu makavu waoge humo. Husaidia pia dhidi ya utitiri.

Kama una ua hata wa mita chache, wafungulie tangu saa kumi. Zungushia wavu kama kuna mbwa.

Ukiingiza wageni

1. Watenge wiki 2 hadi 3 mbali kabisa, kwa ajili ya magonjwa.
2. Kisha wiki moja wawe jirani, wakitenganishwa na wavu.
3. Waingize usiku, wengi kwa pamoja. Usiingize mmoja peke yake.
4. Siku hiyo ongeza chombo cha chakula na cha maji.

Usichanganye umri. Tembe wa wiki 12 akiwekwa na makoo wanaotaga atapigwa hata banda liwe kubwa kiasi gani.

Na kukata midomo?

Mdomo una mishipa ya fahamu, kuku huumia. Kama afisa mifugo wa kata, baada ya kuona chakula na banda lako, ataona ni lazima, basi ifanywe na mtaalamu mwenye kifaa, vifaranga wakiwa na siku 7 hadi 10. Kumkata mtetea anayetaga kwa wembe, kisu cha moto au mkasi wa kucha nyumbani ni kumtesa. Atatoka damu, atashindwa kula, na mayai utayakosa. Usifanye.

KAGUA KILA JUMAMOSI

☐ Kuku kwa mita ya mraba: 4 hadi 5, si zaidi
☐ Wote wanakula kwa pamoja chakula kikimiminwa
☐ Chakula hakijapanuliwa kwa pumba
☐ Maji yapo saa nane mchana
☐ Viota vina giza, hakuna mayai sakafuni
☐ Matandazo makavu, yanachakurika
☐ Majani yametundikwa
☐ Umeshika kuku watatu na kuwakagua mkiani

Yule mtetea wa kwenye tenga usimrudishe kwa haraka. Palipong'olewa unyoya mzima, mpya huota kwa wiki 6 hadi 8, na unapochipua una damu ndani ya shina lake, kwa hiyo wenzake huuona na kuutamani. Uliokatika nusu hautaota hadi msimu wa kubadilisha manyoya. Ngoja jeraha lifunge na ngozi ifunikwe, kisha mrudishe usiku pamoja na mwenzake mpole mmoja uliyemweka naye siku mbili tatu. Asubuhi yake uwahi bandani kabla ya mwanga.